Sinema ya kutisha yafaa kufundishia fasihi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekaa Rahaleo, mjini Mtwara, ana madarasa mawili. La kwanza ni la mchana, ambamo mwalimu wa fasihi huandika ubaoni maneno fani, maudhui, dhamira na migogoro, naye mwanafunzi huyanakili daftarini jinsi yalivyo. La pili ni la usiku. Humo hamna ubao wala daftari; mna televisheni ya banda la video, au simu ya kaka yake, na ndani yake maiti wanatembea, wachawi wanaruka na wanyonya damu wanagonga madirisha. Darasa la mchana humfanya asinzie. Darasa la usiku humfanya akose usingizi.

Wapo walimu waliokwisha kuamua kwamba darasa la usiku ni adui wa darasa la mchana, na kwamba dawa yake ni kulipiga marufuku. Uamuzi huo una nia njema, lakini hautimizi lengo. Kijana atakwenda bandani hata akikatazwa, tena atakwenda pasipo mtu wa kumwuliza maana ya yale aliyoyaona. Njia iliyo bora ni mwalimu kuichukua sinema ya kutisha, hasa ile ya zamani iliyokwisha kupimwa na miaka, na kuifanya chombo cha kufundishia uhakiki. Shabaha isiwe kuwafurahisha wanafunzi. Hofu isiyohakikiwa ni jambo la hatari katika nchi hii, nayo imekwisha kuua watu, wakiwamo watumishi wa umma waliokuwa kazini.

Kinyago na mtu aliye ndani

Wazo la kufundisha kwa kutisha halikuletwa na meli. Watu wa uwanda wa Makonde, na ndugu zao wa ng'ambo ya Mto Ruvuma, wana ngoma za vinyago ambavyo upande wa Tanzania hujulikana kwa jina la midimu na upande wa Msumbiji huitwa mapiko. Kwa desturi ya zamani, mtoto ambaye hajaingia jandoni aliambiwa kwamba kile kinachocheza uwanjani si mtu, ni mzuka wa marehemu uliorudi duniani. Kilipotokea, mtoto alikimbia. Siku zake zilipotimia alipelekwa jandoni, na huko, pamoja na mafunzo mengine, alikabiliana na kinyago hicho hadi kikavuliwa. Ndani yake akamkuta mtu, pengine mjomba wake, pengine jirani.

Yafaa kuitazama hekima iliyomo katika desturi hiyo. Wazee hawakumkinga kijana na hofu maisha yake yote, wala hawakumwacha nayo maisha yake yote. Walimpa hofu, kisha wakampa ufunguo wake. Aliyetoka jandoni hakuacha kuipenda ngoma kwa sababu ameijua siri. Aliendelea kuja uwanjani, ila sasa aliyatazama mengine: wepesi wa miguu ya mchezaji, ustadi wa mchongaji, na zaidi ya yote, ni sura ya nani iliyochongwa. Maana vinyago hivyo havikuwa vya marehemu peke yao. Wakati wa ukoloni wachongaji walichonga pia sura za Wazungu waliowatawala, na watazamaji walizitambua na kucheka.

Hali kadhalika katika uchongaji wa mpingo. Tangu miaka ya 1950, wachongaji wa Kimakonde, akiwamo Samaki Likankoa, walianzisha mtindo uliokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la shetani: viumbe wenye jicho moja, midomo mikubwa na viungo visivyolingana. Mgeni hununua kinyago hicho akakiweka mezani nyumbani kwake Ulaya. Mwanafunzi wa Mtwara anakipita kila siku barabarani, na huenda hajaulizwa hata mara moja shuleni kwake kwa nini mchongaji aliamua kumwondolea kiumbe yule jicho la pili.

Basi tatizo la banda la video ni hili: linampa kijana kinyago bila jando. Linamtisha na kumwacha hapo hapo. Kazi ya kukivua kinyago imebaki bila mwenyewe, na mtu anayestahili kuichukua ni mwalimu wa fasihi.

Maswali manne

Uhakiki wa sinema ya kutisha hauhitaji istilahi mpya. Wahusika, mandhari, muundo, mtindo na dhamira vimo vyote. Kinachohitajika ni mwalimu kuuliza maswali manne, na kuyauliza kila mara: Ni nani anayeogopa? Anaogopa nini? Sura ya zimwi imetoka wapi? Ni nani anayefaidika na hofu hiyo?

Mfano wa kwanza ni Nosferatu, sinema ya Kijerumani ya mwaka 1922 iliyotengenezwa na F. W. Murnau kwa kufuata riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897. Sinema hiyo haina sauti. Kwa mwalimu hiyo ni faida, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusingizia kwamba hakuelewa Kiingereza cha wachezaji. Yampasa asome picha. Tukio lake mashuhuri kuliko yote ni la kivuli kinachopanda ngazi kumwendea mwanamke. Mnyonya damu mwenyewe haonekani. Huonekana vidole virefu vya kivuli chake ukutani. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini kivuli kinatisha kuliko mwili, ameanza kujifunza mandhari na taharuki bila kukariri maana zake.

Lakini somo lisiishie kwenye kivuli. Mnyonya damu wa Nosferatu anafika mjini kwa jahazi lililojaa panya, na nyuma yake unafuata ugonjwa wa tauni. Yeye ni mgeni, ana pua ndefu na mgongo uliopinda, na kuja kwake ni kuja kwa maradhi. Wahakiki wengi wamesema kwamba sura hiyo inafanana mno na picha za kashfa ambazo Wayahudi walichorwa katika Ulaya ya siku zile. Iwe mtengenezaji alikusudia au hakukusudia, Ujerumani ilikuja kuona baadaye mwisho wa kuwachora jirani zake kama wadudu na maradhi. Mwanafunzi anayejifunza kuuliza sura ya zimwi imetoka wapi hujifunza kwamba zimwi aghalabu huvikwa uso wa mtu fulani, na kwamba mtu huyo yuko mahali fulani, anaishi, na anaweza kudhurika.

Mfano wa pili ni Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, na Boris Karloff akacheza kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1818. Mwandishi wake, Mary Shelley, alianza kuiandika akiwa na umri wa miaka 18, yaani umri wa msichana wa kidato cha tano au cha sita. Habari hiyo peke yake yafaa kusomwa kwa sauti mbele ya darasa.

Tofauti ya riwaya na sinema ni hazina kwa mwalimu. Katika sinema kiumbe hana lugha, hunguruma tu. Ubaya wake unaelezwa kwa sababu moja: msaidizi wa mwanasayansi aliiba ubongo wa mhalifu badala ya ubongo mzima. Katika riwaya hakuna ubongo wa mhalifu. Kiumbe hujificha karibu na nyumba ya watu maskini, hujifunza lugha kwa kuwasikiliza, husoma vitabu, na huzungumza kwa ufasaha kuliko aliyemwumba. Huwa mbaya baada ya kufukuzwa na kila mtu aliyemkaribia, akianza na yule aliyempa uhai. Darasa lina mgogoro wa kujadili kwa wiki nzima: je, mtu huzaliwa na uovu kichwani mwake, au jamii humfundisha uovu kwa kumkataa? Mwanafunzi atakayechukua upande mmoja na kuutetea kwa ushahidi kutoka katika kazi zote mbili hatahitaji tena kununua kitabu cha miongozo ili ajue dhamira ni nini.

Katika sinema hiyo limo tukio la mtoto wa kike kando ya ziwa. Anampa kiumbe maua, nao wanayarusha majini yaelee. Maua yanapokwisha, kiumbe anamwinua mtoto na kumrusha, akidhani naye ataelea kama ua. Mtoto anazama. Katika miaka ya 1930 wakaguzi wa filamu wa baadhi ya majimbo ya Marekani waliikata sehemu hiyo ya mwisho. Watazamaji wakaona mkono wa kiumbe ukimwelekea mtoto, kisha wakaona baba amebeba maiti, na kila mmoja akajaza pengo kwa ubaya aliokuwa nao moyoni. Sehemu iliyokatwa ilirejeshwa katika miaka ya 1980. Mkasi uliokusudiwa kuwakinga watu ulimgeuza mjinga kuwa katili. Wale wanaofikiri kwamba dawa ya kila picha ya kutisha ni kuikata au kuificha wangefanya vema kulitafakari tukio hilo.

Msukule na manamba

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na nyumbani kuliko jina lake linavyoonyesha. White Zombie, ya mwaka 1932, inaeleza habari za Haiti, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya majeshi ya Marekani, yaliyoikalia tangu 1915 hadi 1934. Katika sinema hiyo yupo mwenye kinu cha sukari ambaye wafanyakazi wake ni maiti waliofufuliwa. Wanasukuma kinu usiku kucha. Mmoja wao anaanguka ndani ya mashine, na wenzake wanaendelea kusukuma bila kugeuza shingo.

Hakuna mtoto wa Mtwara anayehitaji kuelezwa jambo hilo. Kwa Kiswahili huitwa msukule au ndondocha: mtu anayeaminiwa kwamba alichukuliwa kichawi, akazikwa mfano wake, na yeye mwenyewe analima shamba la mchawi usiku bila ujira. Mwalimu aulize: kwa nini watu wa Haiti na watu wa Afrika Mashariki, ambao wametenganishwa na bahari, wana hadithi inayofanana hivi? Jibu moja limo katika historia. Haiti ilijengwa na watumwa wa mashamba ya miwa. Kusini mwa Tanzania palikuwa njia ya watumwa kuelekea Kilwa na Mikindani, na baadaye, chini ya Waingereza, palikuwa mahali pa kuandikia manamba waliopelekwa katika mashamba ya mkonge. Mtu anayeondoka kijijini akiwa na namba mahali pa jina, akafanya kazi asiyoona faida yake, na pengine asirudi, ni rahisi jamaa zake kumsimulia kama mfu anayelima. Msukule, akisomwa hivi, ni kumbukumbu ya kazi isiyolipwa.

Darasa likifika hapo liendelee hatua moja. Katika White Zombie, sinema nzima humlilia bibi harusi mmoja wa Kizungu aliyefanywa msukule. Wale weusi wa kinuni hawaliliwi na mtu. Wao ni mandhari tu. Mwanafunzi atakayeligundua hilo mwenyewe amekwisha kutambua mtazamo wa mtunzi, tena mtunzi ambaye hakukusudia kuufichua. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akikataa au kuyageuza yasiyomfaa. Kuitazama sinema ya kigeni kwa jicho la namna hii ni utekelezaji wa jambo hilo.

Kurudi kwenye kitabu

Pengine itasemwa kwamba sinema itamwondoa mwanafunzi kwenye kitabu. Ikifundishwa vizuri, itampeleka. Fasihi ya Kiswahili haijapata kuogopa kutisha. Muhammed Said Abdulla aliianza safari ya Bwana Msa kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, ambamo maiti hukutwa mahali panapoogopwa na watu. Msomaji hushawishika kuushitaki mzimu. Bwana Msa huwasha kiko chake na kuhoji walio hai. S. S. Mushi alikwisha kumtafsiri Shakespeare katika Makbeth mwaka 1968, pamoja na wachawi wake watatu na mzuka wake mezani pa karamu. Hakuna aliyesema kwamba wachawi hao wangeharibu vijana.

Aliyefika mbali zaidi ni Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini. Tamthilia yake ya Mashetani, ya mwaka 1971, inafunguka kwa vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wakicheza mchezo wa shetani na binadamu penye mbuyu. Mchezo unakwisha, lakini Kitaru hawezi kuuacha. Unamtia ugonjwa, kwa kuwa anataka kujua shetani yule ni nani hasa. Wanafunzi wengi wamefundishwa kuandika katika mtihani kwamba shetani ni ukoloni na ukoloni mamboleo, wakapata alama zao. Wachache wamesaidiwa kuihisi ile hofu ya Kitaru kabla ya kupewa jibu lake. Mwanafunzi aliyekwisha kukiona kivuli cha Nosferatu kikipanda ngazi ataisoma Mashetani kwa moyo mwingine.

Aidha, sinema zenyewe za Kiswahili zipo. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, kisha Shumileta, na watu wakazipokea kwa wingi. Zinastahili kuingizwa darasani pamoja na zile za ng'ambo na kuulizwa maswali yale yale manne, bila upendeleo na bila dharau.

Hofu isiyosomwa

Sasa lafaa lisemwe jambo lililoahidiwa mwanzoni. Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, watafiti wawili na dereva wao, walikuwa katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ukaenea kwamba ni wanyonya damu. Kundi la watu likakusanyika, likawaua wote watatu na kulichoma moto gari lao. Mwaka uliofuata uvumi wa aina hiyo ulivuma kusini mwa Malawi; watu wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa baadhi ya watumishi wake katika wilaya zilizohusika.

Hadithi iliyowaua watu wale watatu ni hadithi kongwe ya mumiani. Kamusi za zamani za Kiswahili zalieleza neno hilo kuwa dawa nyeusi mfano wa lami, ambayo watu waliamini kwamba hutokana na damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni hadithi ilikua ikapata magari na sare: Nairobi, Kampala na kwingineko ilisemwa kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, alizichukua simulizi hizo kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala wa kikoloni. Kwa lugha ya darasani, mumiani ni sitiari. Inaeleza utawala uliochukua nguvu za watu bila kuwarudishia.

Ikumbukwe kwamba Tanzania iliitumia sitiari hiyo hiyo mchana kweupe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, magazeti, mabango na hotuba zilijaa wanyonyaji, kupe na mirija iliyopasa kukatwa. Hapakuwa na mtu aliyetoka nyumbani na panga kumtafuta mdudu kupe mwenye ukubwa wa binadamu. Msemaji na msikilizaji wote walijua kwamba picha ile ni picha. Pale Iringa Mvumi picha iliaminiwa kuwa mtu mwenyewe, na mtu akauawa kwa ajili ya picha. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ile inayofundishwa, au isiyofundishwa, katika kipindi cha fasihi.

Hapa ndipo sinema ya nne ipatapo nafasi. Night of the Living Dead, ya George Romero, ilitoka Marekani mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa. Maiti wamefufuka na wanakula watu. Shujaa ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Usiku kucha anapigana nao ndani ya nyumba moja ya shamba, na anavuka usiku akiwa hai. Asubuhi linafika kundi la raia wenye bunduki, linalosaka maiti. Ben anachungulia dirishani. Wanamwona, hawamwulizi neno, wanampiga risasi, kisha wanautupa mwili wake motoni pamoja na maiti wengine.

Mwalimu wa kidato cha sita awaonyeshe wanafunzi wake dakika chache za mwisho wa sinema hiyo, kisha awasomee habari ya Iringa Mvumi, kisha akae kimya. Hatahitaji kuandika dhamira ubaoni.

Mtumishi wa umma anayesoma ukurasa huu ana sababu yake mwenyewe ya kulijali jambo hili. Mpima ardhi, mchanjaji, bwana shamba na karani wa sensa wote hufika vijijini wakiwa wageni, na gari, na mikoba yenye vifaa ambavyo mwanakijiji havijui. Usalama wao hautegemei polisi peke yao. Unategemea pia kama pale kijijini yupo mtu mmoja aliyesoma, ambaye uvumi utakapompata atauliza kabla ya kuokota jiwe: sura hii ya zimwi imetoka wapi?

Pingamizi na majibu yake

Zipo pingamizi za haki. Ya kwanza ni umri. Ni kweli kwamba mtoto wa shule ya msingi hafai kuonyeshwa maiti wanaokula watu. Hata wazee wa jandoni waliijua siku yake. Nosferatu na Frankenstein, ambazo leo ni pole ukilinganisha na yale yaliyomo katika simu za vijana, zatosha kwa kidato cha tatu na cha nne. Night of the Living Dead ingoje kidato cha tano na cha sita. Aidha, nchi ina Bodi ya Filamu, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, na mwalimu hana budi kufuata taratibu zake na kumshirikisha mkuu wa shule na wazazi.

Ya pili ni kwamba hayo ni mambo ya kigeni yasiyoeleweka kwa kijana wa hapa. Hoja hii ina ukoo mbaya. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, Tanga. Na kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, kilishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha za haraka, na kwamba apewe sinema za polepole zenye jambo moja. Mabanda ya video yamekwisha kulijibu dai hilo. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alizifasiri sinema za ng'ambo kwa Kiswahili, akaziongezea maelezo na mizaha yake, na watu wasiojua hata neno moja la lugha za sinema hizo wakazifuata tangu mwanzo hadi mwisho.

Lufufu anatoa jibu la pingamizi ya tatu pia, yaani uhaba wa vifaa. Shule yenye kompyuta moja na umeme inaweza kuonyesha tukio la dakika kumi. Si lazima sinema nzima. Shule isiyo na umeme ina mwalimu mwenye mdomo. Asimulie tukio la ziwani kama manju anavyosimulia, na aache kusimulia pale wakaguzi walipokata. Wanafunzi waandike wenyewe kilichofuata, kisha wasomewe ukweli. Gharama yake ni chaki. Na kwa upande wa haki, Nosferatu ni ya zamani mno, na Night of the Living Dead iliingia katika mali ya umma huko Marekani tangu mwanzo, kwa kuwa tangazo la hakimiliki lilisahauliwa kuwekwa.

Pingamizi ya nne ni mtihani. Mwalimu atasema kwamba Baraza la Mitihani haliulizi habari za Frankenstein. Haliulizi, ni kweli. Lakini huuliza wahusika, migogoro na msimamo wa mwandishi, na mwanafunzi aliyezoea kuvipata mwenyewe katika kazi asiyopewa majibu yake hatashindwa kuvipata katika kazi aliyopewa. Anayeshindwa ni yule aliyekariri.

Mahali pa kuanzia

Mtwara ina vyuo vya ualimu, na tangu 2009 ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris. Ina ngoma za midimu, ina wachongaji, ina mabanda ya video na ina vijana wanaoyajaza. Ni vigumu kuona mkoa uliokamilika zaidi kwa kuanzia. Wakufunzi wa fasihi wangeweza kuandaa masomo machache ya mfano, wakayapeleka kwanza katika shule za mjini, kisha Mikindani, Newala na Tandahimba, na mzee mmoja anayejua ngoma ya kinyago akaalikwa darasani aseme yale anayoruhusiwa kuyasema.

Yule mwanafunzi wa Rahaleo atakwenda bandani usiku wa leo kama alivyokwenda jana. Ataogopa, na hapana ubaya kuogopa. Swali ni kama kesho asubuhi, atakapoingia darasani na macho mekundu kwa kukosa usingizi, atamkuta mwalimu aliye tayari kumwambia: keti, utueleze ulichokiona, kisha tukivue.